Wimbo wa Nachingwea

Somoe mwanangu,

Umekwenda kusukwa. Mama yako mdogo amekusindikiza, na kwa jinsi nyie wawili mnavyopenda kupiga soga na msusi, najua hamtarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nina saa tatu hivi. Nimekaa barazani na daftari lako moja la zamani, lile la hesabu lenye vyumba vidogo vidogo, nimechana kurasa za mwisho ambazo hukuwahi kuziandika. Kesho asubuhi gari linakuja kukupeleka uwanja wa ndege, na kesho hiyohiyo jioni utakuwa Muscat, kwenye nyumba ya watu nisiowajua hata sura.

Mambo ya pasi, ya mkataba, ya kuvaa sweta ndani ya ndege, ya kutomkabidhi mtu simu yako, umeshaambiwa na kila mtu mpaka muuza maji. Mimi sina la kuongeza. Sijawahi hata kupanda hiyo ndege. Nina jambo moja tu, nalo ni la ule wimbo wako, ule ulioutunga mwaka juzi ukaupiga hapahapa barazani mara moja. Tangu siku ile hujatunga mwingine, na gitaa umeliuza. Aliyesababisha hayo ni mimi. Unajua kwamba nilikukosoa. Usilolijua ni nilivyokukosoa. Nimetaka kukwambia kwa mdomo mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama umekula.

Nitaanzia mbali kidogo, nivumilie, ni ugonjwa wa wazee.

Nilijifunza gitaa Masasi kwa redio kaseti ya kaka yangu. Betri tulikuwa tunazianika juani ili zipate nguvu kidogo, kisha tunazirudisha, na wimbo unaanza kuimba kwa uvivu kama mtu aliyeamshwa. Mimi sikujua kwamba ni uvivu. Nilidhani ndivyo ulivyo. Nikakaza nyuzi za gitaa langu zilingane na sauti ya ile redio, nikashika nyimbo zote za bendi niliyoipenda, moja baada ya nyingine, mpaka vikohozi vya mwimbaji. Nilipokuja Dar kujaribiwa na bendi yenyewe, kwenye baa moja Temeke mchana kweupe, kiongozi wao, Mzee Kitwana, akaniambia niingie popote. Nikaingia. Bendi nzima ikaacha kupiga, ikanitazama. Kila kitu nilikuwa nimekishika sawasawa, ila kiko chini kwa nusu sauti, kwa sababu ya betri zilizochoka.

"Dogo, hilo gitaa lako linaumwa malaria?" Mzee Kitwana aliniuliza.

Walicheka mpaka mpiga besi, Chilumba, huyuhuyu anko wako, akaketi chini. Halafu Mzee Kitwana akalichukua gitaa, akakaza nyuzi mwenyewe, akanirudishia, na jioni ile nikawa mpiga gitaa la rithim. Nimekuwa nikiisimulia hadithi hii miaka yote kama kichekesho. Siku hizi naona ilikuwa inaniambia kitu: kwamba nilikuwa naamini sana nilichofundishwa kusikia.

Sasa, kwenye ile bendi tulikuwa na mchezo wetu. Baada ya mazoezi mtu anapiga kipande cha wimbo, wengine wanabishana: katoa wapi? Kila kipande lazima kiwe na kilikotoka. Anayetaja bendi, mwaka na jina la mpigaji ndiye mwanaume wa siku hiyo. Na hakuna aliyesema hajui. Kusema "huo siujui" mbele ya wanamuziki wenzako ilikuwa sawa na kuvua suruali. Mtu hajawahi kuusikia wimbo maisha yake yote, atatikisa kichwa tu, "Eeh, naupata huo."

Nilitunga nyimbo nne nikiwa pale. Hukuwahi kuzisikia, na hutazisikia. Wa kwanza nilipoupiga, Mzee Kitwana alisikiliza nusu, akacheka, akasema umetoka kwa fulani, nimegeuza mkia tu. Nilienda nyumbani nikaupasua kipande kwa kipande, kama nilivyokufundisha wewe kupasua, nikakuta kasema kweli. Wa pili na wa tatu hivyohivyo. Wa nne sikumpigia mtu, niliupasua mwenyewe kwanza, nikaukuta ni mchanganyiko wa nyimbo mbili za watu. Nilikuwa nimejaza kichwa mpaka vidole havikujua njia nyingine. Bendi ilipokufa na mwenye vyombo akachukua vyombo vyake, sikulia sana. Nikashika brashi na rola, nikawa fundi rangi, na tangu hapo popote mtu anapojenga, Tegeta, Kawe, nipo.

Wewe nilikuanza ukiwa na miaka kumi na mmoja. Unakumbuka utaratibu wetu. Wimbo unasikilizwa mara tatu kabla ya kugusa gitaa. Mara ya kwanza unaimba besi kwa mdomo, kwa sababu besi ndiyo inayotaja mshiko, zile sauti zinazoshikwa pamoja, ambazo nyie mnaojifunza kwenye simu mnaziita kodi. Mara ya pili unagonga meza. Mara ya tatu unaandika kwenye vyumba vya daftari: wa kwanza, wa nne, wa tano, unarudi wa kwanza. Kila chumba mapigo manne. Ubeti kalamu nyeusi, kiitikio kalamu nyekundu. Ulijaza madaftari tisa. Siku moja, una miaka kumi na minne, uliniletea mawili umeyafunua, ukaniwekea mapajani.

"Baba, hizi nyimbo mbili ni wimbo mmoja. Huyu kaanzia kwenye kiitikio tu."

Nilikuwa nimezipenda nyimbo zile zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kuliona hilo. Jumapili ile nilikutembeza kwa rafiki zangu kama mtu aliyenunua pikipiki. Na kila wimbo tulioupasua, mwishoni nilikuuliza swali lilelile la bendi: katoa wapi? Ukawa unauliza mwenyewe kabla sijauliza. Nilikufundisha kuuliza, sikukufundisha kuacha. Sikujua kwamba kuna mahali pa kuacha.

Ile Jumapili ya wimbo wako, alasiri, Chilumba alikuwa amekaa palepale anapokaaga, kwenye kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo. Tulikuwa tunakunywa chai. Ukatoka ndani na gitaa.

"Shikamoo anko."

"Marahaba mama. Leo unatupigia wa nani?"

"Wa kwangu," ukasema, na ukaanza haraka haraka kabla hatujasema kitu, kama mtu anayejirusha kwenye maji baridi.

Ubeti wa kwanza ninao. Nauandika hapa nisije nikaupoteza nao:

*Baba anapaka rangi nyumba za watu,*
*chumba cha bluu, sebule ya maziwa,*
*jioni anarudi na rangi kwenye nywele,*
*na ukuta wetu bado una rangi ya saruji.*

Sikujua kama unaniangalia hivyo. Nikageuka kumtazama Chilumba, nikaona naye anautazama ukuta. Mwanangu, nilitaka ardhi ifunguke. Sikukasirika kwamba umesema uongo. Ulisema kweli tupu, kwa sauti nzuri, mbele ya mtu.

Halafu ukaingia kwenye kiitikio. Ulivyokuwa unakwenda, sikio lilitaka urudi mshiko wa kwanza utue, kama nyimbo zote zinavyotua. Hukutua. Vidole vikaenda mshiko wa sita, ule wenye huzuni, na sauti yako ikabaki palepale ilipokuwa imefika, umeishikilia. Baadaye nilikaa nikaelewa ulichofanya: ile sauti imo kwenye mishiko yote miwili. Kwa hiyo juu hakuna kilichobadilika, na chini kila kitu kimebadilika. Wapo waliofanya hivyo kabla yako, mishiko haina mwenyewe. Lakini hakuna aliyewahi kufanya hivyo na ukuta wa saruji, na kwa mwendo ule, na kunyamaza kule kwa mapigo mawili kabla hujaendelea. Kiitikio kile kilikuwa chako. Nilijua palepale kwamba ni chako, kwa sababu nilijaribu kukitafuta kilikotoka na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikupata kitu.

Nilisisimka mwili mzima. Kisha nikaona wivu. Siwezi kulivisha neno hilo nguo nyingine. Nilimwonea wivu mtoto wangu wa kumzaa, wa miaka kumi na tisa, kwa kitu nilichokitafuta bendini nikakikosa.

Ulipomaliza, Chilumba alinigeukia akisubiri mimi nianze.

"Kizuri," nikasema. "Ila hicho kiitikio si chako, mama. Hicho kilipigwa na bendi moja ya Nachingwea, zamani hizo." Nikakutajia na jina la wimbo.

Ukamtazama Chilumba. "Kweli, anko?"

Chilumba akakuna kidevu. "Eeh... ule wa Nachingwea. Naukumbuka sana ule."

"Sasa mie nitakuwa niliusikiaga wapi?"

"Labda nilikuwa naupiga ukiwa mchanga," nikakujibu. "Hivi vitu vinaingiaga tu kichwani."

Somoe, hakuna wimbo huo. Bendi hiyo haijawahi kuwepo. Nachingwea nimefika mara mbili, zote kwenye msiba, na sikusikia hata redio. Jina la wimbo nililitunga nikiwa na kikombe mkononi. Chilumba alisema anaukumbuka kwa sababu ndivyo tulivyolelewa sisi, hakuna asiyejua wimbo.

Laiti ungenuna. Mtoto mwingine angenuna wiki moja yakaisha. Wewe ukafanya nilichokufundisha, ukaenda kutafuta ulikotoka. Hukutaka kugombana na mtu, ulitaka kuusikia huo wimbo wa Nachingwea ili ujifunze ulichukua nini na ulibadilisha nini. Ulimuuliza kijana wa Kariakoo anayejaza nyimbo za zamani kwenye flashi. Ukafika Temeke kwa mzee mmoja aliyekuwa mwimbaji, sasa macho yake hayaoni vizuri. Ukarudi unang'aa.

"Baba, anaujua! Ila kaseti yake aliiazima mtu, haijarudi."

Niliingia ndani nikajifanya natafuta koti. Baadaye ukampata mwingine Kawe, naye hakusema tu kwamba anaujua, alikuimbia na kipande. Ukakiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, ukaniletea. "Hakifanani sana na changu," ukasema, "labda na yeye kasahau." Katika jiji hili leo kuna wazee watatu wanaoukumbuka wimbo ambao haujawahi kupigwa. Ningeisikia hadithi hii kwa mtu mwingine ningecheka mpaka nipaliwe.

Kama miezi minne ulihangaika. Kila siku katika hiyo miezi ningeweza kusema neno moja tukayamaliza. Sikusema. Mwanzoni niliona aibu ya kile nilichofanya, baadaye nikaona aibu ya muda niliokaa kimya, na hii ya pili inakua yenyewe bila kulishwa. Kisha jioni moja tunakula ukaweka kijiko chini.

"Baba, mie kichwa changu ni chujio tu. Vya watu vinapita humo. Hamna kinachozaliwa."

"Usiseme hivyo," nikasema, na nikaomba chumvi.

Mwezi uliofuata gitaa likaondoka. Duka ulilokuwa unauza likafungwa, safari za watu kwenda Muscat zikaanza kuzungumzwa humu ndani, nami sikuwa na la kukuzuia nalo. Sisemi unaondoka kwa sababu ya wimbo. Watu wanaondoka kwa sababu hapa hapana kazi, na hilo silo kosa langu peke yangu. Nasema tu kwamba mtu mwenye jambo lake la kufanya hubishana kidogo kabla hajaondoka. Wewe hukubisha. Ulisema "sawa" siku ileile, na mimi nilijua hiyo "sawa" imetoka wapi.

Mwezi jana nilimfuata Chilumba nikamweleza yote.

"We si ndo ulisema mwenyewe? Mie ningesemaje siujui?"

"Nataka nimwambie."

"Ili iweje?" akaniuliza. "Atatunga huko jikoni kwa watu? Na gitaa lipi? We unataka tu ulale."

Kasema kweli, na ndiyo maana nakuandikia bila kujidanganya. Kukwambia leo kunanipunguzia mimi mzigo na kukuongezea wewe, siku ambayo begi lako limeshajaa. Baba bora kuliko mimi angekwambia ndani ya miezi minne ile, au angekaa nalo mpaka kaburini. Mimi nimechagua siku mbaya kuliko zote kwa sababu kesho haitakuwepo nyingine. Sikuombi msamaha, kwa kuwa najua tabia yako, ungenipa haraka haraka ili nisihuzunike, na huo usingekuwa msamaha.

Wala sikuandikii uanze tena kutunga. Nimeongea na waliorudi kutoka huko. Wengine walikaa vizuri, wengine hawapendi kusimulia, wote wanasema kazi inaanza kabla hakujakucha na siku ikiisha unachotaka ni kulala. Miaka miwili ni mingi kwa vidole. Zile sugu za nyuzi kwenye ncha za vidole vyako zimeshaisha, nimeziangalia ulipokuwa unanipa chai. Sitegemei kitu, na sitaki ubebe tegemeo langu juu ya mambo mengine.

Nimejifunza kitu kimoja, kwa kuchelewa, na sijui kama bado kina kazi. Kupasua wimbo si kubaya. Ndivyo mtu asiye na mwalimu anavyojifunza, na wewe ulijifunza kuliko wengi waliokwenda chuo. Lakini wimbo ni mtu kaja kukwambia jambo. Inabidi akwambie kwanza, amalize, ndipo umuulize habari za nguo alizovaa kazitoa wapi. Mimi maisha yangu yote nimesikiliza nyimbo kama fundi gereji anavyosikiliza injini. Siku mtoto wangu alipokuja kuniambia jambo, nikafungua boneti.

Na sasa nakuambia lililobaki, ambalo Chilumba halijui.

Wiki hizi mbili nimekuwa naazima gitaa lake ukiwa umetoka, najaribu kuupiga wimbo wako. Nilitaka nikuandikie wote humu, vyumba kwa vyumba, ili hata kama wewe umeuacha uwe upo mahali. Unanijua, mimi wimbo nikiusikia mara tatu umekwisha. Wako niliusikia mara moja. Ubeti wa kwanza nimeupata. Kiitikio nimekipata chote, hata kile kimya cha mapigo mawili. Ubeti wa pili ulianza na neno "lakini". Hilo nalikumbuka kwa sababu ulipolitamka uliinua kichwa ukanitazama mimi, si Chilumba. Baada ya hapo sina kitu. Sauti ilikuwa inaendelea na midomo yako ilikuwa inakwenda, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta jina la wimbo wa kukudanganyia.

Leo asubuhi ulikuwa unakunja kanga unapanga kwenye begi. Nikakuuliza kama mtu anayetania.

"Hivi ule wimbo wako, ubeti wa pili ulikuwa unasemaje?"

"Wimbo gani, baba?"

"Ule wa rangi."

"Aah, ule wa Nachingwea?" Hukugeuka hata kunitazama. "Mie nilishausahau kitambo."

Ukafunga zipu.

Nimerudi kukaa hapa na daftari. Nimeuacha ukurasa mmoja mtupu kwa ajili ya ubeti ule, kisha nikaona ni upuuzi, nikaujaza haya unayoyasoma. Baada ya ule ukuta wa saruji ulikuwa na jambo la kuniambia, na uliniambia, nimekaa hatua mbili kutoka kwako, nina masikio mazima. Sijui ulisema nini. Wewe mwenyewe hujui tena.

Baba yako